Tumbo Baada ya Mkaja

Ukitumwa na ukoo kupeleka posa kwetu Tanga, utarudi na karatasi yenye orodha. Juu kabisa kuna mahari yenyewe, na chini yake kuna vitu vingine vyenye majina yake: kilemba cha baba, mkaja wa mama, na kadhalika kufuatana na ukoo. Vijana wa siku hizi wanalipa mkaja kwa pesa taslimu, wengine wanautuma kwa simu, na wengi wao hawajui wanalipia nini. Mkaja ni kitambaa. Ni kile kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, kikakazwa vizuri ili tumbo lirudi. Anayekuja kuoa anakiri kwamba binti anayemchukua aliwahi kukaa kwenye tumbo la mtu, na kwamba tumbo hilo lililegea kwa ajili yake.

Napenda sana kwamba tunalo neno kama hilo. Lakini kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikilizunguka kwa swali moja. Mkaja ukishalipwa, binti akishaondoka, mama mwenye tumbo lile anabaki na miaka ishirini, thelathini, pengine arobaini ya kuishi nalo. Tumbo hilo la baadaye linaitwaje?

Tumbo la uzazi lina utajiri wa maneno. Kuna mimba na kuna ujauzito, kuna kujifungua na kuna kuharibikiwa, kuna uchungu, kuna kondo la nyuma, kuna kukandwa kwa maji ya moto, kuna arobaini, kuna kitindamimba. Damu ya kwanza ina watu wake. Somo au kungwi anamweka mwali ndani na kumfundisha namna ya kujisitiri, namna ya kuhesabu siku, nini cha kusema na nani wa kumwambia. Damu ya mwisho haina kungwi. Hakuna anayewekwa ndani akiwa na miaka hamsini na kuambiwa mwili wako sasa utafanya hivi na hivi.

Vitabuni wameandika ukomo wa hedhi, na wengine komahedhi. Ni maneno mazuri, lakini sijamsikia mwanamke wa Handeni akiyatumia sebuleni kwake. Anasema "nimekoma." Au anasema "sioni tena siku zangu." Au anasema tu "mimi mtu mzima sasa," na hapo mazungumzo yamefungwa, mpe chai. Lile joto linalopanda usoni usiku walau limeanza kuzungumzwa, maana linaonekana: mtu anajipepea na kanga msibani na wenzake wanacheka. Tumbo kujaa ndiyo kabisa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye kila jioni kiuno cha sketi kinamchora mstari ataulizwa kama anataka kutuletea kitindamimba kingine. Atacheka na wao, kesho yake atahamia kwenye dera.

Na akitaka kulitaja tumbo hilo kwa umakini, neno lililopo karibu ni chango.

Chango ni neno la kuogopwa kwa jinsi lilivyo pana. Lina maana ya utumbo, lina maana ya mnyoo, na lina maana ya maumivu ya tumbo ya wanawake. Mtaani limeongezewa mizigo. Hedhi ikiuma ni chango. Mimba isiposhika ni chango la uzazi. Tumbo likinguruma, likijaa, likivuta chini ya kitovu, ni chango. Dawa yake inauzwa stendi kwenye chupa zilizokuwa za maji, inauzwa sokoni kwa mafungu ya mizizi, na siku hizi inauzwa kwenye makundi ya WhatsApp na ushuhuda wa sauti. Sina ugomvi na mizizi. Nimekunywa mingi utotoni na nipo. Ugomvi wangu ni na neno linalojibu kabla swali halijaulizwa.

Nitaeleza kwa nini.

Mama yangu anaishi Korogwe, dada yake mkubwa aliishi nje kidogo ya mji wa Handeni. Kati yao kulikuwa na kilomita 65 za barabara na simu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mama mkubwa alikuwa mkulima wa mahindi na mbaazi, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, mwembamba maisha yake yote. Alipofika miaka 57 tumbo lake lilianza kujaa. Siku zake zilikuwa zimekoma miaka mingi nyuma, kwa hiyo hata utani wa kitindamimba haukuwa na pa kushika, lakini ulifanywa.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kusikiliza watu na kuandika walichosema, na kwa sababu hiyo nayakumbuka maneno ya mama mkubwa kama yalivyokuja. Alisema: "Tumbo linajaa hata nikinywa uji nusu kikombe, na halishuki." Alisema: "Nikila tonge tatu nimeshiba, naona chakula kinanitazama." Alisema: "Naamka mara nne usiku kwenda haja ndogo." Alisema: "Huku chini pananivuta, kama mtu aliyebeba ndoo siku nzima."

Sentensi nne, Kiswahili safi, hakuna hata moja iliyohitaji mkalimani. Kila moja ilipewa jina na kupelekwa njia yake. Kujaa kuliitwa gesi, akapewa vidonge vya kutafuna. Kushiba haraka kuliitwa vidonda vya tumbo, akapewa dawa za vidonda. Haja ndogo ya usiku ilihisiwa kisukari, akapimwa, hana. Kule kuvuta chini kuliitwa chango, akaletewa chupa. Zahanati aliyokwenda ilimpa pia dawa ya minyoo, mara mbili. Ilipofika miezi sita na mikono imekonda huku tumbo likizidi, jirani mmoja akasema kuna mkono wa mtu hapa, na familia ikapoteza mwezi mwingine kutafuta mkono huo ni wa nani.

Ultrasaundi ilifanyika mwezi wa tisa. Ilichukua kama dakika kumi na tano. Kulikuwa na maji tumboni na uvimbe kwenye ovari, yaani kwenye kifuko cha mayai. Alipelekwa Dar es Salaam, akaanza matibabu, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na miaka 58.

Saratani ya ovari ni ngumu hata kwenye nchi zenye kila mashine, kwa sababu mara nyingi hugundulika ikiwa imeshasambaa. Na haina kipimo cha kuwapima wanawake wote wakiwa wazima, kama tulicho nacho kwa mlango wa kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na angalau tunaizungumza: kuna siku za uchunguzi, kuna mabango, na tangu 2018 kuna chanjo ya HPV kwa wasichana. Ovari hazina bango. Zina tumbo linalojaa na mwanamke anayeeleza, basi.

Baada ya msiba nilianza kusoma. Mwaka 2011 taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo kazi yake ni kuwaandikia madaktari miongozo, ilitoa mwongozo kuhusu saratani hii. Unawaambia madaktari wa kawaida, wale wa kwanza kumwona mgonjwa, wamfanyie vipimo mwanamke, hasa mwenye miaka 50 na zaidi, ambaye mara kwa mara anapata mambo haya: tumbo kujaa, kushiba upesi au kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo au nyonga, na haja ndogo ya haraka au ya mara nyingi. Wameweka na hesabu: hasa ikiwa ni zaidi ya mara 12 kwa mwezi. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachoitwa CA125, na kikiwa juu inafuata ultrasaundi.

Niliusoma ukurasa huo usiku, nikausoma tena. Yale yalikuwa maneno ya mama mkubwa. Manne yote.

Sasa nisieleweke vibaya, maana kuna wasomaji hapa wameshaweka mkono tumboni. Wanawake wengi mno wa umri huo wanajaa tumbo, na wengi wao hawana saratani yoyote. Wana umri. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, na unahesabiwa umefika baada ya miezi 12 mfululizo bila kuona siku. Lakini mwili hauzimwi kama taa. Miaka kadhaa kabla ya hapo homoni za estrojeni na projesteroni zinapanda na kushuka bila mpangilio, na utumbo unazisikia homoni hizo, si kizazi peke yake. Zinapoyumba, chakula kinaweza kwenda polepole, choo kikawa kigumu, hewa ikakaa. Mwili unaweza kushika maji na chumvi kuliko zamani. Juu ya hapo, mafuta yanahama: yaliyokuwa yanakaa mapajani na kwenye nyonga yanaanza kupenda tumbo. Ongeza maharage ya jioni, kabichi, soda ya kwenye shughuli, na usingizi unaokatika kwa joto, utaelewa kwa nini mtu anaamka na tumbo la mtu mmoja na kulala na tumbo la mwingine.

Hapo ndipo penye tofauti, na ni tofauti ambayo haihitaji mashine kuianza. Tumbo la umri huja na kuondoka. Linajaa jioni, linapungua usiku, asubuhi gauni linafunga. Tumbo la mama mkubwa halikuwa na asubuhi. Aliwaambia watu tangu mwezi wa kwanza: "na halishuki."

Kwa hiyo kuna matumbo mawili, na sisi tumeyapa jina moja. Ukiliita chango, umemnyima mwenye tumbo la kwanza faraja ya kujua kwamba hana ugonjwa, na umemnyima mwenye tumbo la pili miezi.

Nimejaribu kuona huyu mwanamke anapotea wapi hasa, maana nchi yetu haikosi takwimu za wanawake. Kila baada ya miaka kadhaa tunafanya Utafiti wa Demografia na Afya. Ule wa mwaka 2022 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Wameulizwa kuhusu uzazi wa mpango, kliniki, vyandarua, kunyonyesha, ukatili. Ni kazi kubwa na nimeitumia mara nyingi kwenye habari zangu. Lakini tazama hizo namba. Mwanamke anaacha kuulizwa akiwa na miaka 49. Mwongozo wa Waingereza unaanza kumtilia mkazo akiwa na 50. Katikati ya kuacha kuulizwa na kuanza kuangaliwa kuna siku moja ya kuzaliwa.

Hata milango ya vituo vyetu inasema hivyo hivyo. Kibao kinaandikwa Afya ya Uzazi na Mtoto. Aliyemaliza uzazi na ambaye mtoto wake ana miaka thelathini anaingia mlango gani? Anaingia foleni ya wote, pamoja na malaria na kikohozi, na ana dakika tatu za kueleza jambo ambalo hata kwake halina jina.

Na sisi wapenzi wa fasihi tusijitoe. Mwana Kupona aliandika utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake wosia. Tumeusoma kwa mume, kwa heshima, kwa dini, kwa lugha. Ugonjwa uliomfanya ashike kalamu umepita kama kivuli ukutani. Tumerithi mawaidha ya mama kwa binti juu ya karibu kila kitu isipokuwa mwili wa mama mwenyewe unapozeeka. Wahusika wanawake wa riwaya zetu huwa mabinti, halafu wake, halafu wajane, halafu ghafla ni bibi jikoni anayetoa methali. Miaka kati ya mjane na bibi haina sura.

Wakati huohuo nchi hii hii imeipa dunia moja ya hoja kubwa kuhusu wanawake wa umri huo. Karibu na Ziwa Eyasi, watafiti Hawkes, O'Connell na Blurton Jones walikaa na Wahadzabe wakipima muda ambao kila mtu anautumia kutafuta chakula. Katika makala yao ya 1997 waliandika juu ya wanawake waliomaliza kuzaa ambao walikuwa wakichimba mizizi kwa bidii kubwa, na jinsi chakula hicho kilivyowafaa wajukuu wakati mama zao wana vichanga. Kutokana na hapo ikajengwa hoja kwamba binadamu wa kike wanaishi miaka mingi baada ya kuzaa kwa sababu miaka hiyo ina kazi: inawabeba wajukuu. Hoja inabishaniwa hadi leo, lakini inanifurahisha kwamba ilichimbwa ardhini kwetu, na mabibi wenyewe.

Nirudi Korogwe. Mama ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na soko la Manundu. Sasa ana miaka 54. Mwaka mmoja hivi baada ya kumzika dada yake, tumbo lake na yeye likaanza kujaa. Hakuniambia. Nililijua kwa simu, kwa jinsi alivyokuwa anauliza maswali ya pembeni: hivi yale maji yalikuwa yanatoka wapi, hivi ile kitu inarithiwa? (Swali la kurithi si la kipuuzi. Ukiwa na ndugu wa damu wa karibu aliyeugua saratani ya ovari, hatari yako inapanda.) Nikamuuliza, "Mama, una nini?" Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Njoo, mwanangu."

Nilipofika hakunieleza kwa maneno. Alitoa daftari lake la vipimo, lile la wateja, lenye kifua, kiuno, hipsi na urefu. Akafungua ukurasa wa nyuma. Juu ameandika "MIMI." Chini kuna safu mbili, asubuhi na jioni, wiki tano kamili. Asubuhi 36, jioni 39. Asubuhi 36, jioni 38 na nusu. Asubuhi 36, jioni 39. Kuna jioni moja ya 40, na pembeni ameandika "harusi, soda."

Alikuwa amejipima kwa futi kamba, inchi kwa inchi, akiwa peke yake, amefunga mlango.

"Nilitaka kuona kama linashuka," akasema. "La dada halikuwa linashuka."

Tulikwenda kupima. Daktari aliangalia, akapiga ultrasaundi, ovari zote mbili hazikuwa na uvimbe, hakuna maji. Mama alimwonyesha daftari na sijui kama aliwahi kuonyeshwa kitu kama hicho, maana alilisoma ukurasa mzima. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Mama, ni umri tu."

Tulikaa kwenye benchi la nje, mama akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Nilidhani analia kwa furaha, na pengine ilikuwa hivyo, lakini alichosema ni hiki: "Umri tu. Sasa huo umri wenyewe ndiyo tu?"

Nimeibeba hiyo *tu* tangu siku ile. Daktari alikuwa sahihi, na habari ilikuwa njema kuliko zote tulizopata mwaka ule. Lakini *tu* ni neno la kufunga daftari. Mtu asiyekufa bado anavimba kila jioni, bado halali vizuri, bado anakwepa kushonewa sare ya harusi na wenzake. Kuna mambo ya kufanya na hayahitaji chupa ya stendi. Mama sasa analoweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kupika. Mlo wake mkubwa ameuhamishia mchana. Soda ameiacha, anakunywa maji zaidi, na jioni akifunga kibanda anatembea mpaka darajani kuangalia mto Pangani ndipo anarudi nyumbani. Jioni zake nyingi siku hizi ni 37. Na tuliulizana na daktari mwingine ni lini arudi kupimwa, kwa sababu ya dada yake, tukapata tarehe. Majibu ya aina hiyo yanatoka pale mtu anapoendelea kuuliza baada ya *tu*.

Mwezi uliopita nilishinda kibandani kwake. Fundi wa nguo za kike anajua siri ambayo hata mume hajui: anajua kiuno chako kilikuwa ngapi Idi iliyopita. Akaingia mteja wa siku nyingi, mama wa rika lake, amekuja na kitenge cha harusi ya mtoto wa kaka yake. Mama akazungusha futi kamba, akasoma, akafungua ukurasa wa mteja yule wa zamani, akasoma tena. Mteja akawahi: "Fundi usinicheke, chango limenikamata."

Mama hakucheka. Aliandika namba yake, akalegeza futi bila kuitoa kiunoni, akamuuliza taratibu kama anavyouliza urefu wa mkono:

"Na asubuhi linakuwaje?"